Je, Wajua? Dawa za Saratani Zilizopita Mikononi mwa Wanafunzi

Je, wajua kwamba mmoja wa wagunduzi wakubwa wa dawa za saratani hakuwahi kumaliza masomo ya uzamivu? Gertrude Elion alizaliwa New York mwaka 1918. Alipokuwa na miaka 15 babu yake alifariki kwa saratani ya tumbo, naye akaamua kusoma kemia. Alihitimu chuo akiwa na miaka 19, lakini maabara za siku hizo hazikuwa na haja na mwanamke. Kwa muda kazi aliyoipata ilikuwa kupima ukali wa achari katika kampuni ya vyakula. Mwaka 1941 akapata shahada ya uzamili, mwaka 1944 akaajiriwa na kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome, na jioni baada ya kazi akawa anapanda treni kwenda Brooklyn kusoma uzamivu. Alipokwisha kuhangaika hivyo miaka kama miwili, mkuu wa kitivo akamwambia achague: aache kazi asome kutwa nzima, au aache masomo. Elion akabaki na kazi yake.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha mbali. Yeye na bosi wake, George Hitchings, walikuwa wakitengeneza molekuli zinazofanana na vipande vinavyojenga DNA, ili seli inayojigawa ivichukue vipande hivyo bandia, ijenge navyo, halafu ikwame. Mojawapo, 6-merkaptopurini, iliruhusiwa kutumika mwaka 1953 kwa watoto wenye saratani ya damu, na mpaka leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 1988 Elion na Hitchings walipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Mskoti James Black. Shahada za udaktari wa heshima zikaja zenyewe.

Isije ikaeleweka kwamba uzamivu ni kupoteza muda. Historia ya dawa hizi imejaa wanafunzi wa uzamivu. Ila mwanafunzi hatumwi kwenda kutafuta dawa ya kansa. Anayeomba nafasi ya masomo kwa maneno hayo humtia msimamizi wake wasiwasi. Hupewa swali dogo, dogo kiasi cha kuudhi: kitu hiki kinashika wapi ndani ya seli? Na wakati mwingine hupewa kitu chenyewe kwa kipimo cha kibahili.

Je, wajua kwamba siri ya taxol ilifumbuliwa kwa miligramu 10? Taxol hutoka katika gome la mti wa yew wa pwani ya magharibi ya Marekani. Mtaalamu wa mimea Arthur Barclay alikusanya magome ya kwanza mwaka 1962 katika jimbo la Washington, na Monroe Wall na Mansukh Wani wakatangaza umbo la molekuli yake mwaka 1971. Baada ya hapo ikalala. Ilikuwa haiyeyuki vizuri kwenye maji, miti yenyewe hukua polepole mno, na kilo moja ya dawa ilidai tani 10 hivi za gome. Mwaka 1977 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilimwomba Susan Horwitz, wa chuo cha tiba cha Albert Einstein huko Bronx, aichunguze. Miligramu 10 zikafika kwa posta. Horwitz na mwanafunzi wake, Peter Schiff, wakakubaliana kuipa mwezi mmoja. Isipoonyesha jambo geni, wangeiacha.

Jambo geni lilijitokeza. Seli inapojigawa huunda vijibomba vyembamba vya protini vya kuvutia kromosomu huku na huku. Vijibomba hivyo ni kama jukwaa la miti la mafundi ujenzi: hufungwa kazi ikianza na hufumuliwa kazi ikiisha. Dawa zilizokuwa zikijulikana wakati huo zilizuia jukwaa lisifungwe. Taxol ilifanya kinyume: ililifunga likagoma kufumuka, na seli ikafa katikati ya kujigawa. Hakuna aliyekuwa ameliona hilo kabla. Makala ya Schiff na Horwitz ilitoka katika jarida la Nature mwaka 1979, na Desemba 1992 dawa ikaruhusiwa Marekani kwa saratani ya ovari. Leo ni wodi chache za saratani duniani zisizokuwa nayo.

Na dawa hizo zilizozuia jukwaa lisifungwe zilitoka wapi? Kwenye ua ambalo huenda umelipita leo. Vinka, ua dogo la rangi ya waridi au jeupe linalostahimili jua na mchanga, asili yake ni Madagaska. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Jamaika alituma majani yake Kanada, kwa sababu huko kwao watu waliyachemsha kama chai ya kisukari. Huko mtafiti Robert Noble akawapa panya maji yake; sukari haikushuka hata kidogo. Alipowadunga sindano, panya wakafa kwa maambukizi. Mtu mwingine angetupa majani. Noble akahesabu chembe nyeupe za damu za panya wale, akakuta zimekwisha. Dawa inayofyeka chembe nyeupe inaweza kumsaidia mgonjwa ambaye chembe hizo zimemzidi. Kufikia mwaka 1958 yeye na Charles Beer walikuwa wamepata vinblastini, na vinkristini ikafuata kutoka kampuni ya Eli Lilly. Chai ya kisukari ikawa dawa ya leukemia.

Hadithi ya tatu ni ya kwetu, na inasikitisha kidogo kabla ya kufurahisha.

Je, wajua kwamba milima ya Shimba, kule Kwale, imeacha alama katika matibabu ya saratani ya matiti? Mwaka 1972 Morris Kupchan, mkemia wa Marekani, alitangaza molekuli iitwayo maytansini, aliyoitoa katika mti wa jamii ya Maytenus kutoka Ethiopia. Ilikuwa sumu kali kuliko vinkristini, kwa kiasi cha kutisha. Tatizo lilikuwa mavuno: kilo nzima ya mti wa Ethiopia ilitoa miligramu 0.2 tu. Ndugu yake, Maytenus buchananii, anayemea Kenya, alitoa takriban miligramu moja na nusu. Basi mwaka 1976 taasisi ile ile ya saratani ya Marekani ikafadhili mavuno Shimba Hills. Kilo 27,215 zilikatwa na kusafirishwa. Waandishi waliosimulia habari hii wanasema miti iliyokomaa katika eneo hilo ilimalizika yote, na wanawataja Wadigo kuwa walikuwa wakiujua mti huo kama dawa tangu zamani. Miaka minne baadaye wakusanyaji waliporudi kutaka zaidi, miti ilikuwa haijachipua vya kutosha.

Fanya hesabu mwenyewe. Kilo 27,215 kwa miligramu moja na nusu kila kilo: gramu 40 na kitu, hata kama hakikupotea chochote maabara. Tani 27 za msitu wa Kwale, na dawa yenyewe ingetosha kwenye kikombe cha kahawa na nafasi ikabaki.

Kisha ikashindwa. Wagonjwa waliopewa maytansini katika majaribio ya miaka ya 1970 walitapika, waliharisha, neva zao zikaumia, na uvimbe wa wengi wao haukupungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikawekwa kando. Kama hadithi ingeishia hapo, ningeiita uporaji bila faida na kwenda zangu.

Lakini kuna watu walioutazama ukali wake kwa jicho lingine. Sumu inayoua seli kwa kipimo kidogo hivyo haifai kumwagwa katika damu. Inafaa kubebwa hadi mlangoni. Mwaka 1992 Ravi Chari na wenzake wa kampuni ya ImmunoGen walieleza jinsi ya kuifunga maytansini iliyorekebishwa kwenye kingamwili, ile protini ya kinga inayotambua shabaha moja tu. Baadaye ikafungwa kwenye trastuzumab, kingamwili inayoshika HER2, protini iliyozidi juu ya seli za saratani ya matiti kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano. Kila kingamwili hubeba kwa wastani molekuli tatu na nusu za sumu. Seli huimeza yote pamoja, huimeng'enya kingamwili, na ndipo sumu inapotoka, ndani kwa ndani, na kuzuia vijibomba visijengeke. Februari 2013 dawa hiyo iliruhusiwa Marekani kwa jina la Kadcyla.

Na miti? Haihitajiki tena. Mwaka 1977, wakati magunia ya Shimba yakiwa bado mapya, Wajapani walitangaza kwamba kuna bakteria wanaotengeneza molekuli ndugu ya maytansini. Siku hizi bakteria hao hufugwa kwenye matangi, na wakemia humalizia kazi. Uchunguzi wa baadaye kwa mimea ya ukoo huo umeonyesha kwamba hata ndani ya mti, mtengenezaji ni bakteria wanaoishi mizizini.

Turudi kwa mwanafunzi, maana kuna jambo linalonikera kila nikisoma vichwa vya habari kwamba mmea fulani umegundulika kuua kansa. Je, wajua jinsi neno "kuua" linavyopimwa? Njia iliyozoeleka ilielezwa mwaka 1983. Mwanafunzi huchukua sahani ya plastiki yenye visima 96, safu 8 kwa 12, kila kisima kikiwa kidogo kuliko kifuniko cha kalamu. Katika kila kimoja hudondosha seli elfu kadhaa ndani ya majimaji ya rangi ya waridi, kisha huiweka sahani kwenye kabati la joto la nyuzi 37, lenye hewa iliyoongezwa kabonidayoksaidi asilimia 5. Kesho yake huongeza dawa, kisima hiki nyingi, kinachofuata nusu yake, kinachofuata nusu ya nusu. Siku ya pili au ya tatu hutia kimiminika cha manjano. Seli hai hukigeuza kuwa fuwele za zambarau; seli iliyokufa hukiacha vile vile. Baada ya saa tatu nne sahani huwa imepanda rangi kutoka manjano upande mmoja hadi zambarau iliyokolea upande wa pili, na mashine husoma ukolevu. Ukishaona sahani moja iliyofanikiwa, hutashangaa kwa nini watu hukubali kulala maabara.

Sasa mitego. Kwanza, karibu kila kitu kikizidi huua seli kwenye sahani: spiriti huua, chumvi huua, sabuni ya kufulia huua vizuri sana. Ndiyo maana kinachotafutwa ni kipimo kinachopunguza seli kwa nusu, na zaidi ya hapo, tofauti kati ya kipimo hicho kwa seli za saratani na kwa seli zisizo na ugonjwa. Tasnifu isiyo na safu hiyo ya pili ya takwimu haijasema kitu, na ziko nyingi. Pili, majimaji ya mmea yaliyojaa viondoa sumu yanaweza kugeuza manjano kuwa zambarau yenyewe, bila seli hata moja kisimani. Mwanafunzi asiyeweka safu ya visima vitupu vyenye mmea pekee atasoma uhai mahali ambapo pana maji ya majani tu. Tatu, kuna bakteria wadogo waitwao mikoplasma, wasioonekana kwa hadubini ya kawaida na wasiodhurika kwa penisilini, wanaoweza kuishi ndani ya seli za maabara kwa miezi na kuharibu kila kipimo kimyakimya.

Hapo hatujataja gharama. Majimaji ya kukuzia seli huongezwa seramu inayotokana na damu ya ndama ambaye hajazaliwa, hukusanywa machinjioni na husafiri ikiwa imeganda. Seli za akiba hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika miji ambako umeme hukatika bila taarifa, sehemu ya elimu ya uzamili ni kujua jenereta inawashwaje usiku.

Na je, wajua kwamba seli zenyewe zinaweza kuwa siyo zile zilizoandikwa kwenye chupa? Seli ziitwazo MDA-MB-435 zilitumika miaka mingi kuchunguza saratani ya matiti. Vipimo vya jeni vikaonyesha ni melanoma, saratani ya ngozi. Seli za HeLa, zilizotolewa Baltimore mwaka 1951 kutoka kwa Henrietta Lacks bila yeye kuombwa ruhusa, hukua kwa kasi kiasi kwamba tone moja likiruka huteka chupa ya jirani. Orodha ya kimataifa ya seli zenye majina ya uongo imepita 500.

Kampala nayo ina sura yake katika habari hii, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, mwenye jicho moja tu linaloona. Jingine alilipoteza utotoni. Mwaka 1957 alianza kuwaona watoto waliovimba taya, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa ambao sasa una jina lake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu la Ford, wakazunguka kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika na kurudi, zaidi ya kilomita 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama wanaujua uvimbe huo. Jibu lilifuata ramani: nchi za chini zenye joto na mvua, ndiyo, nyanda za juu zenye baridi, hapana. Ndivyo malaria ilivyoanza kushukiwa kuwa na mkono wake.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein akatoka humo akiamini kuna kirusi kinachosababisha uvimbe huo. Kwa zaidi ya miaka miwili vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, naye akavitazama chini ya hadubini ya elektroni asione kitu. Akapata fedha kutoka Marekani, akamwajiri Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, na Yvonne Barr, kijana wa Ireland aliyekuwa fundi wa kukuza seli na ambaye kazi hiyo ingempatia shahada ya uzamivu. Desemba 1963 ukungu ulifunika London, ndege ya Kampala ikaelekezwa Manchester. Kichupa kilipofika jioni majimaji yalikuwa yamechafuka. Kwa kanuni, kilichochafuka kina bakteria, hutupwa. Epstein akachukua tone akalitazama: hapakuwa na bakteria, bali seli hai zilizotikiswa njiani zikaachana na nyama, zinaelea. Mpaka hapo walikuwa wakijaribu kuzikuza zikiwa zimeshikamana na kitu. Wakaziacha zielee, zikakua. Februari 1964 kirusi kikaonekana, na Machi ripoti ikatoka katika jarida la Lancet: Epstein, Achong, Barr. Kirusi kinaitwa Epstein-Barr. Barr alipata shahada yake mwaka 1966, akahamia Australia, akakosa nafasi ya utafiti na kuishia kufundisha hisabati na sayansi shuleni. Watu wengi wenye jina lao kwenye vitabu vya tiba hawakuishia hivyo, na ningependa kujua ni wanafunzi wangapi waliomsikiliza ubaoni bila kujua wako mbele ya nani.

Upande wa dawa, Uganda na Kenya zilionyesha jambo ambalo wakubwa wengi wa tiba walikuwa hawajaliamini. Mulago haikuwa na mashine za mionzi, hivyo Burkitt akajaribu vidonge na sindano: methotreksati, kisha siklofosfamidi. Nairobi, Peter Clifford alikuwa akifanya majaribio kama hayo. Baadhi ya watoto walipona kwa dozi moja au mbili, wakakua. Mwaka 1967 ikaanzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, mahali ambapo matibabu hayo yalipimwa kwa utaratibu na madaktari vijana wakafunzwa kazi.

Mwisho, la karibuni. Je, wajua kwamba kwa zaidi ya miaka 30 protini iitwayo KRAS ilihesabiwa kuwa haiwezekani kushikwa na dawa? Ikiharibika huiamuru seli ijigawe bila kukoma, na imeharibika katika saratani nyingi za mapafu, utumbo mpana na kongosho. Lakini uso wake ni laini. Dawa haipati pa kushika. Katika maabara ya Kevan Shokat huko San Francisco, mwanafunzi Jonathan Ostrem na mwenzake Ulf Peters waliamua kuishughulikia aina moja tu ya uharibifu, ambapo tofali moja la protini limebadilishwa na kuwekwa lenye salfa. Salfa inashikika. Wakajaribu vipande 480 vidogo vya kemikali vinavyopenda salfa, wakapata vilivyonasa, na picha za fuwele zikaonyesha vimejipenyeza katika mfuko ambao hakuna aliyejua upo. Walichapisha mwaka 2013. Mei 2021 sotorasib, dawa ya kwanza ya kuishika KRAS, ikaruhusiwa Marekani kwa saratani ya mapafu. Miaka minane katika fani hii ni mbio: kati ya dawa za saratani zinazoanza kujaribiwa kwa watu, ni kama 5 tu katika kila 100 zinazofika hospitalini.

Sotorasib haimfai kila mgonjwa, na kwa wengi inaowasaidia saratani hupata njia ya kuikwepa baada ya miezi kadhaa. Aina ya uharibifu wa KRAS iliyo nyingi zaidi katika kongosho haina salfa hiyo, na ndiyo iliyowaweka wanafunzi wengi wa uzamivu mbele ya visima vyao 96 hivi sasa.